Kampeni yetu sio ya siasa na dadu zetu sio za kamari

Mhariri, salaam. Naomba unipe nafasi, najua barua itakuwa ndefu, ukiona imezidi kata popote utakapo ila ile sehemu ya vizibo niachie.

Wiki mbili zilizopita kuna msomaji mwenzangu wa hapahapa Mwanza aliandika kwenye ukurasa huu kwamba Jumapili jioni alipita Nyegezi akakuta watu wazima, na binti mmoja kati yao, wamekaa kwenye kibaraza cha steshenari wanarusha dadu, karatasi zimejaa namba, na wanataja zimwi kwa jina kama wanamtaja jirani. Akasema hiyo ni kamari mpya imeingia au ni dini ya ajabu, akauliza serikali ya mtaa iko wapi. Sasa mhariri, hiyo steshenari ni yangu. Kibaraza ni changu. Tunachocheza ni mchezo wa hadithi, kila mtu anashika mhusika wake. Na serikali ya mtaa ilishakuja, nitasema mbele huko.

Mimi nachapa, natoa kopi, nafanya laminesheni na kuuza kauntabuku, wateja wangu wengi ni wanachuo. Mwaka 2023 alikuja kijana mmoja na flashi, anataka kuprinti kitabu cha kanuni za mchezo ambacho wenyewe wenye mchezo wanakitoa bure mtandaoni, kurasa zaidi ya mia, akapiga hesabu ya mia mia kila ukurasa akaishiwa nguvu, akasema basi mama nitolee hizi nne tu. Printa ikakwama karatasi kama kawaida yake. Nikiwa naichomoa ile karatasi nikasoma mstari mmoja, nikasoma wa pili, nikamuuliza we kijana hii ni notsi ya somo gani, akacheka, akavuta stuli akaanza kunieleza na mteja wa pasipoti saizi akaondoka bila picha.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mnakaa watu wanne watano. Mmoja ndio gemu masta, wengine kila mmoja anashika mhusika wake, labda mwindaji, mganga, mpiga ngoma, mwizi mstaafu, na sifa za huyo mhusika zimeandikwa kwenye karatasi, nguvu kiasi gani, akili kiasi gani, ana nini mfukoni. Masta anasema mpo wapi na mnaona nini. Mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini. Jambo likiwa halijulikani kama litawezekana, dadu inaamua. Basi. Hakuna mshindi, hakuna fainali, hadithi inaendelea wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi, na hiyo hadithi ndefu ndio inaitwa kampeni. Hapo ndipo mjumbe wa serikali ya mtaa alipotujia. Ilikuwa 2025, mwaka wa uchaguzi, na mimi bila kufikiria nilikuwa nimebandika karatasi mlangoni "KAMPENI INAANZA JUMAPILI SAA TISA, NJOO NA PENSELI", akaja kuuliza ni chama gani na kibali kiko wapi. Tulimpa kiti, akakaa, akaangalia dakika kumi, akauliza kwa nini yule mganga asipitie mlango wa nyuma, akaondoka. Tangu siku hiyo hajatusumbua, ila akipita anauliza "mlipitia wapi?"

Huu mchezo sio wa juzi wala sio wa mashetani. Wa kwanza kuuzwa dukani ulitoka 1974, Dungeons & Dragons, wametengeneza Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na kampuni iliyoutoa ilikuwa Lake Geneva, kamji kadogo ka Wisconsin kalikokaa pembeni ya ziwa, kwa hiyo na sisi wa huku ziwani tusijione wageni sana. Walianzia kwenye michezo ya vita ya mezani, ile ya kusogeza majeshi ya sanamu ndogondogo, wakafika mahali mtu badala ya kushika jeshi zima anashika askari mmoja, ana jina, ana njaa, ana woga. Na huko Marekani miaka ya 80 kuna wazazi walipiga kelele hizohizo za msomaji mwenzangu, kwamba watoto wanaita mapepo. Wale watoto sasa hivi wana wajukuu.

Kuhusu dadu. Msomaji mwenzangu, kamari ni pale unapoweka hela ukaomba Mungu. Sisi hakuna mia mbovu inayowekwa, hela pekee inayotoka ni ya mihogo na soda. Kabla ya kuhamia kibarazani kwangu tulikuwa tunatumia ukumbi mmoja, siutaji, msimamizi akatufukuza akisema dadu haziruhusiwi pale, na alikuwa anasema hivyo huku mgongoni kwake dubwi, ile mashine ya kamari, inalia na mtoto wa shule anatumbukiza sarafu. Nilinyamaza nikakusanya karatasi zangu. Bado inaniuma.

Halafu dadu zenyewe za mchezo huu hatunazo. Wenzetu wana dadu za kila aina, za pande 4, 6, 8, 10, 12 mpaka 20, na ile ya 20 ndio inaamua mambo mengi. Hapa mjini nilitafuta mpaka nikachoka, nikaona isiwe tabu, nikakusanya vizibo 20 vya soda, nikaviandika kwa makapeni 1 mpaka 20, nikavitia kwenye soksi ya shule ya mwanangu. Mchezaji anaingiza mkono anachomoa kimoja, kikishasomwa kinarudi, soksi inatikiswa. Kurudisha ni lazima, usiporudisha mahesabu yanaharibika, maana kila kizibo kinatakiwa kiwe na nafasi 1 kati ya 20, yaani 5 kwa mia. Ukiambiwa ili uruke ule ukuta unataka 15 au zaidi, una vizibo 6 vya kukuokoa kati ya 20, ni 30 kwa mia, fikiria vizuri kabla hujaruka.

Sasa tuna mchezaji mmoja ni dereva boda, nitamwita Boda. Vikao vitatu mfululizo Boda alikuwa shujaa, kila penye hatari anachomoa 20. Anaruka kuta, anamshawishi mtemi, anapiga mshale gizani unafika. Tukaanza kusema ana bahati ya kuzaliwa. Mwalimu, ambaye anafundisha hesabu sekondari, akakaa kimya anaandika pembeni, kikao cha nne akasema naomba hiyo soksi. Akamwaga vizibo mezani, akavipanga, akapitisha kidole. Vizibo 19 vilikuwa safi, kizibo namba 20 kilikuwa kimekunjwa katikati na opena, ukikigusa tu unakijua hata ukiwa umelala. Boda akasema "mimi nilikuwa nadhani ndio kinavyotakiwa." Tulicheka mpaka mama wa genge la jirani akaja kuuliza kuna nini.

Baada ya hapo tukahamia dadu mbili za ludo, na hapa ndio nilijifunza kitu ambacho sikukitegemea. Kwenye vizibo namba zote ni sawa, 1 inatoka kama 20, kwa hiyo fundi na mjinga wote wanaaibika kwa kiwango kimoja. Kwenye dadu mbili namba 7 ina njia 6 za kutokea kati ya 36, lakini 2 ina njia moja tu, na 12 moja tu. Maana yake mambo yanakwenda kawaida mara nyingi, na ajabu inakuja mara mojamoja, na ikija watu wanasimama. Mchezo ukatulia. Ukimwambia mtu anahitaji 7 anajua ana njia 21 kati ya 36, amevuka nusu, ukimwambia 10 anakuna kichwa. Siku hizi hata sirushishi dadu ovyo, mvuvi akisema anafunga kamba ya mtumbwi namwambia umefunga, kwani ni kitu gani, dadu inakuja pale ambapo kushindwa kwenyewe kutaleta jambo. Na akishindwa sisemi "umeshindwa, nani anafuata", nasema umevuka ila kiatu kimebaki upande wa pili na mbwa amekinusa.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu hasa ni mstari mmoja kwenye barua yake, kwamba "huyo mama anawakaririsha hadithi zake". Ningekuwa naweza kuwakaririsha hawa watu ningefurahi sana. Hawakaririshiki.

Kampeni yangu ya kwanza niliandika kurasa 48 kwenye kauntabuku, wiki tatu nzima, duka likiwa halina mtu naandika. Kisiwa nikakitunga mwenyewe, kina mtemi, kina mwalo, kina tajiri wa barafu ambaye mchana anawauzia wavuvi barafu na usiku anaendesha magendo ya mafuta ya boti. Siri ya magendo niliipanga wachezaji waigundue ukurasa wa 41, kama mwezi wa tatu hivi wa kucheza, kwa machozi na ushahidi. Kikao cha kwanza nikaanza kusoma kwa sauti nzuri kama ya redioni, mmefika ufukweni usiku, mwezi mpevu unang'aa juu ya ziwa, kwa mbali mnaona taa za mtumbwi wa dagaa zikicheza majini. Nikameza mate niendelee.

Mchezaji wetu mmoja ni mvuvi wa dagaa kutoka Igombe. Akanyoosha mkono.

"Mama, umesema mwezi mpevu?"

Nikasema ndio.

"Na taa za dagaa?"

Ndio, baba.

"Hao sio wavuvi."

Kwa sababu, mhariri, kila mtu wa huku ziwani anajua isipokuwa mimi niliyezaliwa Tabora, dagaa anavuliwa kipindi cha giza, anafuata taa, mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa ya nani itamvuta? Wavuvi wa dagaa kipindi hicho wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Ule mstari wa mwezi mimi niliuweka kwa ajili ya urembo tu. Wachezaji wakapanda mtumbwi palepale, wakakuta madumu ya mafuta, wakambana nahodha akamtaja tajiri. Dakika ishirini. Nikabaki na kurasa 43 za kufungia maandazi.

Nilikuwa na njia mbili. Moja kusema samahani jamani nimekosea, futeni, hakuna mwezi. Ya pili kukubali. Nilikubali, sijui hata nilipata wapi akili hiyo, nikafunga kauntabuku nikauliza "sasa mnalo jina la tajiri, na tajiri kesho asubuhi atajua mtumbwi wake umekamatwa, mnalala wapi usiku huu?" Wakaangaliana. Hicho ndicho kikao ambacho mpaka leo wanakisimulia, na mimi sikuwa nimekiandika hata neno.

Tangu hapo siandiki hadithi. Naandaa ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Naandika mahali, harufu yake, sauti yake, nani anauza chai pale. Naandika watu wanne au watano na kila mmoja anataka nini, sio tabia yake, ni anataka nini, maana ukijua tajiri anataka boti zote za kisiwa ziwe zake basi wachezaji wafanye wafanyavyo utajua atajibu vipi. Halafu naandika mambo yatakayotokea kama hakuna mtu atakayeyazuia. Kwa tajiri niliandika hivi, siku ya kwanza bei ya barafu inapanda mara mbili, siku ya tatu sangara wanaanza kuozea mwaloni, siku ya tano wavuvi wanakopa kwake, siku ya saba anachukua boti kwa deni. Wachezaji wakikaa kisiwani wananywa togwa tu, mambo yanakwenda. Wakiingilia siku ya tatu, nafuta ya tano naandika nyingine.

Siri nayo siiwekei mlango mmoja. Zamani niliweka ufunguo wa jambo kwa bibi mmoja tu, na hawakuzungumza na yule bibi kabisa, wakampita kila siku, mpaka nikaanza kumkohoza ndio wamwone. Siku hizi siri moja ina njia tatu, kama ni yale magendo basi muuza chai anajua kidogo, magunia ya barafu yananuka dizeli, na kuna karatasi ya deni imeandikwa kwa mwandiko wa karani wa mtemi. Mbili watazikosa, hilo nakuhakikishia. Na majina, mhariri, wewe unayetaka kujaribu andika majina kumi pembeni kabla hujakaa, maana utawaeleza habari za mfalme na vita, na wao watauliza yule mtoto anayepita na ndoo anaitwa nani, na ukisita sekunde tatu wanajua umemtunga sasa hivi na hawamwamini tena.

Kuna kikao kimoja kabla ya vyote ambacho hakina dadu wala mazimwi, tunakaa tu tunaongea tunataka mchezo wa namna gani na nini hatutaki kukiona mezani. Mwanzo nilikiona cha kizungu, nikasema sisi watu wazima tutaelewana. Nashukuru yule mwanachuo alinilazimisha. Ilipofika zamu yake, mchezaji wetu mmoja, mkubwa kuliko wote, akasema jambo moja tu, kwamba boti isizame. Watu wapigane, wafe, waliwe, ila boti isizame na abiria. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mtu wa Mwanza mwenye umri ule akisema hivyo unajua Mei 1996 ilikuwa nini, MV Bukoba ilipozama, unajua makaburi ya Igoma. Tukaandika juu kabisa ya ukurasa. Tumesafiri ziwani miaka miwili kwenye mchezo, tumekutana na dhoruba, na boti inafika.

La kwangu niliweka mimi. Kwenye mchezo wangu hakuna bibi kizee mwenye macho mekundu ambaye ni mchawi. Kwingine hiyo ni hadithi ya kawaida, huku Kanda ya Ziwa kuna bibi zetu wamekatwa mapanga kwa macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kupikia. Yule mtu wa macho mekundu kwangu ni mpishi wa mtemi na ndiye mwenye akili kuliko wote kisiwani.

Sasa zimwi. Msomaji mwenzangu alisikia jina akashtuka, ni Shing'weng'we, na kama umekulia Usukumani bibi yako alishakutisha nalo. Lile dude lililomeza watu wote na ng'ombe wao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi, akazaa mtoto, Masala Kulangwa. Mtoto alipokua kidogo akaua panzi, akampelekea mama yake, mama ndio huyu Shing'weng'we? Hapana mwanangu, huyo ni panzi. Akaua ndege. Hapana. Akaua swala. Hapana. Mpaka siku akalikuta lenyewe.

Mimi ile hadithi nimeitumia kama kanuni ya kuendesha mchezo na hakuna kitabu kilichonifundisha vizuri zaidi. Wageni wote wa kuendesha wana haraka ya kuleta joka kikao cha kwanza, wachezaji bado hata majina ya wenzao hawajayashika, joka linawamaliza au wanalimaliza wao, baada ya hapo utawaletea nini? Anza na panzi. Kikao chetu cha kwanza cha kampeni ya pili adui alikuwa kamongo mmoja mkubwa aliyekuwa anatoboa nyavu, na walimchukia yule kamongo kwa moyo wote. Mhusika anakua pole pole, karatasi yake inaongezeka namba, wanapandishwa leveli, na kila wanachoua wananiuliza "ndio lenyewe?" na mimi nawajibu kwa sauti ya mama, hapana wanangu, huyo ni panzi. Sasa hivi wameshatimiza mwaka na nusu. Wanajua linakuja. Binti wa chuo alisema juzi hana hamu ya kulikuta, ana hamu ya kuendelea kuulizia.

Kingine tumekichukua kwenye vitendawili, na hiki najisifu nacho. Unakumbuka ukishindwa kitendawili unaambiwa nipe mji? Unatoa mji, mwenye kitendawili anasema nilienda Bukoba nikala senene nikashiba, halafu ndio anakupa jibu. Kwangu mchezaji dadu ikimtupa vibaya na anataka kurusha tena, sawa, nipe mji. Anatakiwa atunge mji ambao haupo kwenye ramani yetu na aseme una ubaya gani. Nachora palepale. Mwalimu alinipa mji ambao watu wake wamesahau kuhesabu zaidi ya tano. Mvuvi akanipa mji ambao mkaa wake hauwaki. Boda alitoa miji sita kwa kikao kimoja, ana mkosi tangu tumnyang'anye soksi. Ramani ile nilianza nayo ina kisiwa kimoja, leo imeungwa na selotepu karatasi nane za A4 na karibu nusu sio akili yangu. Wakifika kwenye mji wanasema "hapa si ni kwangu?" na wanaogopa kweli, kwa sababu ubaya wa pale wameutaja kwa mdomo wao.

Watu wananiuliza kama lazima ubadilishe sauti na kuigiza kama bongo muvi. Sio lazima. Kuna siku walihitaji mtumbwi wa kuvuka, nikawa mimi ndio mwenye mtumbwi, mzee mkorofi, nikataja bei. Nilidhani watalipa tuendelee na safari. Boda akavua kofia. "Mwangaluka baba." Akaanza kuulizia ng'ombe wa huyo mzee, ambao sikuwa nimewatunga, ikabidi niwatunge. Akaulizia mtoto aliyeolewa, ikabidi nimwozeshe. Akataja bei yake, nikakataa, akaondoka hatua nne kweli kabisa kibarazani akaenda mpaka kwenye mashine ya kopi, nikamwita arudi, akarudi kwa unyonge. Dakika arobaini mhariri, kwa mtumbwi ambao haupo na hela ambazo hazipo, wenzake wamekaa wanaangalia kama mpira, na mwisho nilimpa mtumbwi bure na mbuzi juu. Anafanya hiyo kazi kila siku na abiria wa Buhongwa, sasa niambie mimi nimfundishe kuigiza?

Shida ni kwamba mtu kama Boda akikolea wengine wanapotea. Binti wa chuo mwezi mzima wa kwanza alikuwa anasema "nawafuata" tu. Kumwambia ongea kunamfunga zaidi. Nikajifunza kumwita kwa jina la mhusika wake na kumpa kitu ambacho ni yeye tu amekiona, "Nyamizi, wewe tu umeona kwamba mlinzi hana kivuli, unamwambia nani?" Akafikiria. Akasema simwambii mtu. Sasa meza nzima inamwangalia, anajua kitu na hasemi, alikuwa na nguvu kuliko Boda na kelele zake zote.

Tunaanza kila kikao na paukwa, wanajibu pakawa, simu zinalazwa kifudifudi, halafu mchezaji mmoja, sio mimi, anasimulia tulipoishia. Wanachokisahau nakiacha kife na mimi. Wanachokikumbuka vibaya mara nyingi nakubali toleo lao maana ni tamu zaidi. Umeme ukikatika hatuahirishi, kikao chetu bora cha mwaka juzi kilichezwa kwa tochi ya simu moja tukiwa pangoni, nikawaambia na nyie huko pangoni tochi yenu ina chaji hiyohiyo. Ilikuwa na asilimia 14. Hawajawahi kuamua mambo haraka vile.

Kinachoua kampeni sio zimwi, ni ratiba. Kampeni yangu ya kwanza haikufa kwa sababu ya mwezi mpevu, ilikufa kwa sababu mara huyu ana msiba, mara yule ana mitihani ya kusahihisha, wiki nne watu hawajakaa na hadithi ikapoa kama ugali. Sasa hivi tunafuata mvuvi. Kipindi cha giza yuko ziwani usiku kucha na mchana amelala, hatumsumbui. Mbalamwezi ikianza anashuka, tunacheza Jumapili mbili mfululizo, halafu tunamwachia tena. Nilidhani kupumzika huko katikati kutatuvunja, kumbe ndio kumetushika, kila mtu anajua akiangalia tu juu angani kama kuna kikao au hakuna. Akikosa mmoja tunacheza, wakikosa wawili tunakula mihogo na kuongea. Mwenzetu mwingine anatokea Sengerema, zamani alikuwa anafika ameshanuna kwa kusubiri kivuko pale Busisi, tangu lile daraja lifunguliwe Juni 2025 anapita juu ya ziwa kilomita kama tatu kwa dakika chache na anafika wa kwanza, analalamika sisi ndio tunachelewa.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu, sijakasirika. Ulichokiona Jumapili ile, yule mtu mzima aliyesimama juu ya benchi ameshika fagio, ni Mwalimu, alikuwa anahutubia mji ambao hawahesabu zaidi ya tano kuwaambia maadui wako sita. Kiti kipo. Karatasi ya mhusika nitakutolea bure, penseli uje nayo, zangu zinaibiwa. Ila usije Jumapili hii wala inayofuata, mwezi hakuna, mvuvi wetu yuko ziwani. Subiri uuone juu ya ziwa, umejaa, halafu ndio uje saa tisa.

Mama Steshenari,
Nyegezi, Mwanza